Rubani, Mhandisi na Mpini wa Ufagio



Kila tukutanapo hauishi ubishi: kipi humfikisha mtu mbali, elimu ya chuo au ujuzi wa mikono? Mimi niliyebahatika kufika Chuo Kikuu, na sasa ni mtumishi wa serikali, naomba kujibu kwa historia ya Chuck Yeager, rubani wa majaribio wa jeshi la Marekani.

Alizaliwa tarehe 13 Februari, 1923, jimboni West Virginia. Baada ya sekondari aliingia jeshini mwaka 1941 akawa fundi wa ndege. Chuo kikuu hakusoma. Aliporushwa angani mara ya kwanza alitapika. Hata hivyo alisomea urubani, akaenda vitani. Machi 1944 alitunguliwa Ufaransa, akatorokea Hispania kwa kuvuka milima, kisha akaomba arudishwe vitani.

Baada ya vita, tishio la marubani lilikuwa kasi ya sauti. Ndege ikiikaribia, hewa husongamana mbele yake, ndege hutikisika, na usukani hukataa amri. Septemba 1946 Mwingereza Geoffrey de Havilland alikufa ndege yake ilipovunjika angani katika mwendo mkali. Wengi wakaamini kwamba pale pana ukuta.

Yeager alikabidhiwa X-1, ndege ya roketi, huko Muroc, jangwani California. Ilibebwa chini ya tumbo la ndege kubwa aina ya B-29, kisha ikaachiwa angani. Siku moja, alipofikia asilimia 94 ya kasi ya sauti, alivuta usukani lakini pua ya ndege haikuitika. Kapteni Jack Ridley, mhandisi msomi, akapiga hesabu, akashauri bawa zima la mkiani ligeuzwe, badala ya kutegemea vipande vyake vya nyuma. Yeager akaiamini hesabu ile kwa roho yake.

Siku mbili kabla ya jaribio kubwa alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika mbavu mbili. Wakubwa wake hakuwaambia, Ridley alimwambia. Kwa kuwa mkono wa kulia haukuweza kufunga mlango wa ndege, Ridley alimkatia kipande cha mpini wa ufagio cha kukomelea. Tarehe 14 Oktoba, 1947, X-1 ilifika mara 1.06 ya kasi ya sauti, yaani kama kilometa 1,127 kwa saa. Ukuta haukuwapo.

Desemba 1953 alifikia mara 2.44, ndege ikamponyoka, ikaporomoka zaidi ya meta 15,000 kabla hajaituliza. Lakini wanaanga wa kwanza wa Marekani walipochaguliwa mwaka 1959, sharti mojawapo lilikuwa shahada, naye hakuwa nayo. Alistaafu mwaka 1975 akiwa Brigedia Jenerali, akafariki tarehe 7 Desemba, 2020, akiwa na miaka 97.

Nami nina langu la kuungama. Niliwahi kupitisha mchoro wa kisima bila kumwuliza mzee mmoja aliyechimba visima maisha yake yote. Kisima kilikauka kiangazi cha kwanza, na kina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Shahada yangu ilikuwa ukutani, imetundikwa vizuri.

Basi wadogo zetu, someni mpate hesabu za Ridley. Mkishazipata, mtafuteni Yeager wenu, mmsikilize.