Mbonimpa, Pierre Claver

Mtetezi wa haki za binadamu wa Burundi, aliyezaliwa 1948. Aliwahi kuwa polisi. Ni kifungo chake mwenyewe cha miaka ya 1990 kilichomfungua macho kuhusu mateso ya mahabusu, na 2001 akaanzisha shirika la APRODH. Mei 2014 alikamatwa baada ya kusema redioni kwamba vijana wa chama tawala, Imbonerakure, walikuwa wakipewa mafunzo ya kijeshi nchini Kongo. Waliomuunga mkono walivaa kijani, rangi ya sare za wafungwa, kila Ijumaa, njia ya kupinga isiyo rahisi kupigwa marufuku. Aliachiwa Septemba kwa sababu za kiafya. Agosti 2015 alipigwa risasi garini mjini Bujumbura, akanusurika na kupelekwa Ubelgiji. Kabla mwaka haujaisha, mkwewe na mwanawe waliuawa.