Mizimu ya Sauti, Mpaka wa Keroka

Keroka ni mji mmoja, kaunti mbili. Katiba ya 2010 ilirithi mipaka ya wilaya ya sheria ya 1992, na mpaka wa Kisii na Nyamira ukabaki unapita mjini. Kaunti zilipoanza kazi 2013, wafanyabiashara wakajikuta wanadaiwa ushuru na pande zote mbili.

Kompyuta nayo hurithi hivyo hivyo. Zamani, kusikia muziki kulitaka kadi ya sauti kama Sound Blaster, iliyotoka Singapore 1989, na mipangilio yake uliifanya kwa mkono. Windows 95 ikaahidi: chomeka tu, mashine itajua. Lakini ili ijue, lazima ikumbuke. Hadi leo, kila hedifoni ya USB unayochomeka inaandikwa, na ukiitoa, jina lake linabaki.

Ndio maana laptopu ya mtumba inaweza kuja na draiva za mwenyewe wa kwanza. Wakati mwingine mpya na ya zamani zinagombana, na siku ya intavyuu ya mtandaoni husikiki. Fanya hivi: kwenye Device Manager, onyesha vifaa vilivyofichwa. Vya sauti vilivyofifia havijachomekwa. Ondoa usivyotumia tena, weka tiki ya kufuta draiva, kisha zima na uwashe.

Ni dakika chache tu. Mpaka wa Keroka je? Kifungu cha 188 kinadai tume huru, Bunge la Taifa, halafu Seneti. Hapo hakuna kubonyeza.