Jinsi ya kuzuia foleni ya uhuishaji katika menyu za tovuti

KATIKA tovuti nyingi, menyu hufunguka pindi msomaji anapopitisha kishale cha kipanya juu yake, na kujifunga kishale kinapoondoka. Ni pambo la kupendeza. Hata hivyo, akipita mara tano kwa haraka, menyu hufunguka na kujifunga mara tano, hata baada ya mkono wake kutulia. Anayetaka kubonyeza kiungo kilichomo ndani hubaki akikikimbiza.

Chanzo cha kero hii ni foleni. jQuery, maktaba ya JavaScript iliyozinduliwa na John Resig mwaka wa 2006, huziweka amri za uhuishaji za kila kipengee kwenye foleni, na amri inayofuata haitekelezwi hadi iliyotangulia ikamilike. Utaratibu huo una manufaa: mbunifu anaweza kuagiza kisanduku kipanuke, kisha kisogee, kisha kififie, bila kuhesabu muda mwenyewe. Lakini kishale hakina subira. Mwendo mmoja, usipowekewa muda, huchukua milisekunde 400. Kufungua na kufunga mara tano ni miendo 10, yaani sekunde nne za menyu kuchezacheza yenyewe.

Dawa yake ni amri iitwayo stop, iliyoongezwa katika toleo la 1.2 mwaka wa 2007. Huandikwa mara tu kabla ya amri ya mwendo mpya, kishale kinapoingia na vilevile kinapotoka. Wengi huiweka upande mmoja tu, kisha wakashangaa mbona tatizo lingalipo.

Ikiandikwa tupu, stop husimamisha mwendo unaoendelea pekee, na uliokuwa nyuma yake kwenye foleni huanza papo hapo. Kwa menyu yenye mwendo mmoja kwa kila tukio, hiyo yatosha. Miendo ikiwa imeunganishwa kadhaa, ipe stop thamani ya true ili ifute foleni nzima. Kipengee kitaanzia mwendo mpya pale pale kilipofikia. Ukiongeza true ya pili, kipengee huruka kwanza hadi mwisho wa mwendo uliokatizwa. Mruko huo huonekana kama mmweko usiopendeza, na kwa menyu afadhali true moja. Ila tovuti zinazotumia matoleo yaliyotangulia 1.7, la mwaka wa 2011, zina kasoro: menyu ya kufungua na kufunga kwa zamu ikikatizwa njiani husahau kimo chake kamili. Huko, true ya pili ni ya lazima.

Njia nyingine ni kutouanzisha mwendo hadi kishale kipunguze kasi. Hiyo ndiyo kazi ya hoverIntent, programu-jalizi ya Brian Cherne, nayo hufaa sana pale watu wanapoikatiza menyu wakielekea kwingine.

Kwa tovuti mpya, mabadiliko ya mwonekano yanayoandikwa kwa CSS ni bora zaidi. Hayana foleni: kishale kikiondoka katikati, kipengee hugeuka na kurudi kutoka kilipokuwa. Aidha, CSS humwezesha mbunifu kuondoa miendo kwa wasomaji waliochagua kuipunguza katika vifaa vyao, wakiwemo wanaopata kizunguzungu. Kwenye simu za kugusa, ambazo hazina kishale, menyu sharti ifunguke kwa kuguswa.