Malango ya Maji na Vichwa vya Wapagazi

Sisi tukaao Lalago, katika wilaya ya Maswa, twaliita Ziwa Victoria jirani yetu, ingawa mwenda kwa miguu hulifikia baada ya siku kadhaa. Twajua kwamba meli huelea humo. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliojiuliza vyombo vya kwanza kutoka ng'ambo vilifikaje huko, hali ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya bahari.

Katika nchi nyingine vyombo hupandishwa kwa malango ya maji. Mfano mkubwa ni mfereji wa Panama, uliofunguliwa tarehe 15 Agosti 1914. Chombo huingia katika chumba kikubwa cha saruji, lango hufungwa nyuma yake, maji huachiliwa yaingie, na chombo huinuka pamoja nayo. Pale Gatun hupita vyumba vitatu, ndipo hufika ziwa lililo mita 26 juu ya bahari. Hata mashua ndogo ya mtu anayesafiri kwa starehe yaweza kupita, na pengine huwekwa chumba kimoja na meli kubwa ya shehena. Hapana budi ishikwe kwa kamba nne, kila kamba na mtu wake, kwa kuwa maji huchafuka sana, na mashua isiyoshikwa barabara hupigwa ukutani.

Kwetu hapakuwa na malango hayo. Mto Nile, utokao katika ziwa letu, una maporomoko mengi yazuiayo vyombo. Wala hakuna mto wa pwani yetu ufikao ziwani. Basi vyombo vilipanda juu ya vichwa na mabega ya watu.

H. M. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 pamoja na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa pande tano. Pande hizo zilionekana nzito mno, zikakatwa tena Unguja ili wapagazi waziweze. Wakazichukua kupitia Ugogo, na wengi katika msafara wakafa kwa njaa, maradhi na vita. Tarehe 27 Februari 1875 wakafika Kagehi, ukingoni mwa ghuba ya Speke, katika Usukuma hii yetu. Mashua ikaungwa, na tarehe 8 Machi ikaondoka. Ikalizunguka ziwa, ikathibitisha kwamba ni ziwa moja, wala si maziwa mengi kama walivyodhani wengine.

Kadhalika meli William Mackinnon ililetwa Mombasa vipande vipande, na wapagazi wakavichukua pale reli ilipokuwa haijafika. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilifika huko mwaka 1901. Hata MV Mwanza, iliyoshushwa majini mwaka 2023, iliundwa palepale Mwanza, maana njia ya maji kutoka baharini haipo hata sasa.

Vitabu vimehifadhi jina la mashua na la mwenyewe. Majina ya wengi walioibeba hayakuandikwa. Huko Panama maji ndiyo yainuayo chombo, na watu hushika kamba tu. Huku kwetu kazi ya maji ilifanywa na watu. Basi tusimuliapo habari za meli za ziwa letu, yatupasa tuanze na wapagazi hao.