Sauti za kaka zilizofutika

Wandugu, leo tunawaletea historia ya kile kisanduku cha miguuni cha mpiga gitaa. Mnakiona kila tukipiga: mi-solo anakanyaga, sauti inageuka. Kimetoka wapi?

Kilianza na hitilafu. Huko Nashville, Marekani, wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, mashine ya studio iliharibika na gitaa la besi la Grady Martin likatoka linakwaruza. Wakauacha mkwaruzo ule ndani ya wimbo. Mwaka 1962 Gibson wakauza pedali ya kuuiga, Maestro FZ-1. Ilivuma kweli 1965, Rolling Stones walipoitumia.

Pedali za wakati ule hazikuwa na kumbukumbu. Ni vifundo tu. Ukitaka sauti ya jana, ujue kifundo kilikuwa wapi, ndiyo maana watu walichora alama au kubandika utepe. Kikiguswa ndani ya begi, basi tena.

Dawa ilitoka kwa wapiga kinanda. Mwaka 1978, Prophet-5 ya kampuni ya Sequential Circuits ilikuja na kompyuta ndogo ya kutunza sauti 40, na betri ya kuzilinda ukizima. (Sisi wa umeme wa saa chache tunajua hiyo betri ni kitu gani!) Wenye gitaa walipata zamu yao baadaye: Boss ME-5 ya Japani mwaka 1988, halafu 1996 Zoom 505, kisanduku cha bei nafuu chenye nafasi 24, kinachoweza kutumia betri moja ya volti 9.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo tuliumia. Ukihariri sauti, yaani ukiongeza mwangwi au kupunguza mkwaruzo, mabadiliko yanakaa kwa muda tu. Ukihamia sauti nyingine kabla ya kuhifadhi, yamepotea. Ukihifadhi, unachagua nafasi, na iliyokuwa pale inafutika. Na kuna kurudisha ya kiwandani: kwenye mashine nyingi unashikilia kitufe fulani huku unawasha, inakuuliza, ukikubali zote zinakwenda.

Kaka yetu mpiga solo alisafiri nchi ya tatu mwaka jana. Alituachia kisanduku chake na sauti sita alizozitengeneza usiku, headifoni masikioni ili majirani walale. Mdogo wetu mmoja alikiwasha kidole kikiwa kwenye kitufe, akaona alama asiyoijua, akabonyeza tena. Kwisha. Hatukumgombeza, kwa sababu hata sisi wakubwa hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Tulimpigia kaka. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza. Namba alikumbuka za sauti mbili tu. Zingine tumezitafuta kwa masikio, tumezunguka simu moja yenye video za zamani, mmoja anaongeza, mwingine anasema hapana, rudisha kidogo. Tumefika nne. Ya tano tunabishana bado, wengine wanasema mwangwi umezidi.

Kila namba sasa tunaiandika kwenye daftari la bendi, kama wale wa utepe.

Ya sita aliipiga mara moja tu, Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, kabla hajaondoka. Mwenye video ya siku ile, hata kama picha ni mbaya, atutumie.