Jipime: Unakijua Kimbunga Kilichong'oa Mikarafuu?

Kabla hatujatwanga karafuu za singo ya bibi harusi, tujipime kidogo.

Kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja lini? Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash. Sisi tulio karibu na ikweta vimbunga hutufikia kwa nadra, kwani huku nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupindisha upepo ni ndogo.

Kiliharibu nini? Merikebu za Sultani bandarini, nyumba, minazi, na takriban theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja.

Na Pemba? Ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Karafuu zikapanda bei, mashamba yakaongezeka Pemba, na mpaka leo ndiko zinakotoka nyingi. Lakini tusisahau mikono ya nani ilipanda na kuchuma: ya watumwa, wanawake wakiwemo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka uliofuata, 1873, ila utumwa wenyewe ulibaki halali Zanzibar hadi 1897. Harufu hii tunayojifukizia ina jasho la bibi zetu ndani yake, tuwaombee rehema.

Je, yaweza kutokea tena? Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Basi tahadhari ya hali ya hewa ikitangazwa, tusiseme "huku hakuji". Tuvute dua, tuwazuie wavuvi wetu wasitoke, na watoto tuwaondoe ufukweni. Ngamia afungwe kwanza, kisha tutawakali.