Uwe Nyota Kwanza, Ndipo Upewe Viza

Mwaka 1885 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia waajiri kuleta wafanyakazi wa kigeni kwa mikataba. Wachimba migodi, wafua vyuma na vibarua walifungiwa njia. Kifungu cha tano, hata hivyo, kiliacha baadhi ya watu nje ya katazo hilo, wakiwemo waigizaji, waimbaji na wahadhiri. Mwigizaji wa London au Napoli aliweza kutia saini mkataba akiwa kwao, akapanda meli na kuteremka New York bila afisa yeyote kumdai orodha ya tuzo alizowahi kupata.

Charles Chaplin alifika kwa njia hiyo mwaka 1910, akiwa na kundi la wachekeshaji la Fred Karno. Alikuwa na umri wa miaka 21, na nje ya kumbi za Uingereza hakuna aliyemfahamu. Kusafiri kwenda Marekani hakukuhitaji viza. Miaka mitano baadaye, uso wake ulikuwa umezunguka dunia. Namtaja mapema kwa sababu kijana yule, angeomba kibali kwa masharti ya leo, angerudishwa. Hakuwa na chochote cha kuonyesha zaidi ya kipaji.

Viza zilianza kudaiwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na vita ilipokwisha hazikuondolewa. Sheria ya mwaka 1924 ikabana mgawo wa wahamiaji kwa kila taifa, na mataifa mengi yakapewa nafasi 100 tu kwa mwaka. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kumbi za maonyesho zilifungwa, waigizaji wa New York wakalala njaa, na mbunge wao Samuel Dickstein akapeleka bungeni miswada ya kuwabana waigizaji wa kigeni. Hatimaye haikutosha tena kuwa mwigizaji. Ilibidi uwe mwigizaji mwenye sifa za kipekee, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 iliweka sharti la namna hiyo kwa wasanii waliotaka kuingia kufanya kazi kwa muda.

Sheria za uhamiaji zilikuwa pia na meno ya kisiasa. Septemba 1952 Chaplin, aliyeishi Marekani miaka ipatayo 40 bila kuchukua uraia, alikuwa baharini akielekea London kuzindua filamu yake alipopata habari kwamba kibali chake cha kurejea kimefutwa. Hakukanyaga tena Marekani hadi mwaka 1972, alipokwenda kupokea Oscar ya heshima. Wafaransa Yves Montand na Simone Signoret nao walizuiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya msimamo wao wa mrengo wa kushoto, wakaruhusiwa mwaka 1959. Mwaka uliofuata Signoret alitwaa Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Siasa ziliwaumiza watu mashuhuri, na kwa kuwa walikuwa mashuhuri tunazijua habari zao. Sharti la umaarufu liliwaumiza wasiojulikana, na hao hawakuandikwa popote. Mara moja mgogoro huo ulijitokeza hadharani kwa ukamilifu, nao ulihusu mchezo wa muziki uitwao Miss Saigon.

Mchezo huo ulianza London mwaka 1989. Nyota wake walikuwa Jonathan Pryce wa Uingereza na Lea Salonga, binti aliyepatikana kwenye usaili wa Manila akiwa na miaka 17. Mtayarishaji Cameron Mackintosh alitaka kuwapeleka wote wawili Broadway. Agosti 1990 chama cha waigizaji wa jukwaani cha Marekani, Actors' Equity, kilimkataa Pryce, kwa sababu mtu mweupe alikuwa akiigiza mhusika mwenye asili ya Asia. Malalamiko ya waigizaji Wamarekani wenye asili ya Asia yalikuwa ya haki: nafasi zao zilikuwa chache, na hata hizo chache walipewa wengine waliopakwa rangi. Mackintosh akaufuta mchezo mzima ilhali tiketi za takriban dola milioni 25 zilikwisha kuuzwa. Siku chache baadaye chama kilirudi nyuma. Pryce alikuwa nyota, tena aliwahi kushinda tuzo ya Tony ya Broadway mwaka 1977, na kanuni zilimruhusu nyota.

Salonga ndiye aliyekwama. Alikuwa ameshinda tuzo ya Olivier ya London kwa nafasi ileile, lakini chama kilishikilia kwamba binti huyo wa Manila hajafikia kiwango cha nyota, na kwamba Wamarekani wa kuicheza nafasi hiyo wapo. Shauri likapelekwa kwa msuluhishi, ambaye mwanzoni mwa 1991 aliamua kwamba aruhusiwe. Mchezo ulifunguliwa Aprili 1991. Miezi miwili baadaye Pryce na Salonga walishinda Tony, kila mmoja ya kwake. Salonga alifika pale kwa sababu nyuma yake alisimama mtayarishaji tajiri mwenye mawakili. Msichana mwingine wa Manila mwenye sauti kama yake, asiye na Mackintosh, angefanya nini?

Wakati mgogoro huo ukiendelea, Rais George H. W. Bush alitia saini sheria mpya ya uhamiaji, Novemba 1990, na humo ndimo ilimozaliwa viza ya O-1, ya watu wenye uwezo wa kipekee. Mwigizaji hawezi kujiombea mwenyewe. Lazima aombewe na mwajiri au wakala aliyeko Marekani. Maoni ya chama cha waigizaji hutafutwa. Asiye na tuzo kubwa au uteuzi wa tuzo hiyo huonyesha angalau vithibitisho vitatu kati ya sita: nafasi kuu katika kazi zenye jina, uhakiki katika magazeti, malipo ya juu na mengine ya aina hiyo. Mwaka 2024 ada ya ombi ilipanda kutoka dola 460 hadi 1,055 kwa waajiri wakubwa, na anayetaka jibu la haraka alilipa dola 2,805 zaidi, mbali na wakili.

Hapo ndipo msanii wetu wa Afrika Mashariki anapoachwa. Mwigizaji wa Dar es Salaam anaweza kuwa na filamu 30 zilizotazamwa toka Kigoma hadi Mombasa, lakini kazi nyingi alizifanya kwa makubaliano ya mdomo na malipo ya mkononi, na uhakiki wa filamu katika magazeti yetu ni haba. Mtaani anasimamishwa apigwe picha. Kwenye faili anaonekana kama mtu ambaye hajawahi kuigiza.

Nikitazama wa kwetu waliofika, naona wengi waliingia kwa mlango mwingine kabla ya sanaa. Edi Gathegi alizaliwa Nairobi, akalelewa California. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa akiishi Minneapolis alipojitokeza kwenye usaili wa wazi wa filamu ya Captain Phillips, na Machi 2014 aliketi katika ukumbi wa Oscar akiwa miongoni mwa walioteuliwa. Usiku huohuo Lupita Nyong'o alishinda, miaka miwili baada ya kuhitimu uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale.

Njia hiyo ya shule, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tumaini la wasio na majina, nayo inafungwa. Tangu Juni 2025 Marekani imesimamisha viza za wanafunzi na za matembezi kwa raia wa Burundi, na kwa Wasomali, wenzake Abdi, katazo ni pana zaidi. Kijana wa Bujumbura aliyekubaliwa katika chuo cha uigizaji cha New York hapewi viza ya kwenda kusoma. O-1 haikutajwa miongoni mwa viza zilizosimamishwa kwa Burundi, ila yeye ndiyo kwanza anataka kujifunza kazi, na viza hiyo inamdai awe ameshatambulika.